Kuandaa msimu wa tenisi wa timu kwa mtindo wa Kombe la Davis, Mtwara na Lindi

Kombe la Davis, shindano la tenisi la timu za mataifa, lilianza mwaka 1900 kwa timu mbili tu, Marekani na Uingereza, kwenye nyasi za klabu ya Longwood karibu na Boston. Kila upande ulikuwa na wachezaji watatu. Dwight Davis, kijana wa Harvard aliyelinunua kombe lenyewe, ndiye aliyekuwa nahodha wa Wamarekani, na alicheza pia. Mji hauhitaji wachezaji thelathini ili kuwa na timu. Ukipata watatu wanaojua kucheza, na wa nne wa akiba, una timu kamili. Sheria za leo zinaruhusu hadi watano.

Katika mwongozo huu, pambano ni timu dhidi ya timu, na mechi ni kila mchezo ndani ya pambano hilo. Mechi huhesabiwa kwa seti, seti kwa gemu, na gemu kwa pointi.

Mfumo wa kuiga

Mpaka 2018 timu za kundi la juu zilicheza siku tatu, mechi za seti tano. Mfumo huo usahau. Kwa jua la pwani na uwanja mmoja hauwezekani. Unaofaa ni ule unaotumika sasa kwenye mapambano ya nyumbani na ugenini: siku mbili, mechi tano, kila mechi mshindi wa seti mbili kati ya tatu. Siku ya kwanza kuna mechi mbili za mmoja kwa mmoja. Siku ya pili huanza mechi ya wawili wawili, kisha mbili za mmoja kwa mmoja kwa kubadilishana wapinzani. Timu ya kwanza kufikisha ushindi wa mechi tatu imeshinda pambano.

Kuna mfumo wa pili, wa makundi ya chini, kanda ya Afrika ikiwamo: timu zote hukusanyika mahali pamoja kwa juma moja, na pambano ni mechi tatu tu. Wachezaji namba mbili (wa pili kwa ubora katika kila timu) wanaanza, namba moja wanafuata, halafu wawili wawili. Huu unafaa kama nauli ndiyo tatizo kubwa, lakini una masharti yake, tutayafikia.

Tarehe kwanza, timu baadaye

Chagua kati ya mwanzo wa Juni na katikati ya Septemba. Mvua za kusini huanza kuelekea Desemba na kuendelea hadi Aprili; uwanja wa udongo mwekundu ukilowa vizuri hauchezeki siku nzima. Oktoba minada ya korosho inakuwa imeanza, na nusu ya watu unaowategemea (dereva, mwamuzi, hata nahodha) wako ghalani au shambani. Juni hadi Agosti joto nalo limepungua.

Wiki ya Nanenane usipange pambano Lindi. Maonyesho ya kanda hufanyika viwanja vya Ngongo, na kupata chumba cha wageni siku hizo ni kazi.

Tuseme una miji minne: Mtwara, Lindi, Masasi na Nachingwea. Kila mji ukikutana na kila mwingine mara moja, ni mapambano sita katika raundi tatu. Acha wiki tatu kati ya raundi na raundi. Hapo inatokea hesabu isiyolingana: kwa mapambano matatu kwa kila timu, wengine watakuwa wenyeji mara mbili na wengine mara moja. Kombe la Davis lina dawa yake ya siku nyingi: aliyekuwa mwenyeji mara ya mwisho mlipokutana anakuwa mgeni mara hii, na kama hamjawahi kukutana, inaamuliwa kwa bahati nasibu. Andikeni hilo kwenye kanuni kabla ya mwaka wa kwanza, maana mwaka wa pili kila mtu atakumbuka anavyotaka.

Barua kwa afisa michezo wa halmashauri ya kila mji ziende mwezi mzima kabla. Ruhusa ya kutumia uwanja wa shule au chuo iwe ya maandishi, na itaje saa. Ahadi ya mdomo huvunjika siku kunapotokea mahafali.

Haki ya mwenyeji

Mwenyeji ndiye anayechagua aina ya uwanja na aina ya mipira. Hii ni sehemu ya mchezo wenyewe. Timu yenye mchezaji wa servisi kali (mpigo wa kuanzisha pointi) itataka sakafu ya saruji. Yenye watu wa kukimbiza kila mpira itataka udongo. Sharti ni moja: mgeni aambiwe mapema, angalau wiki tatu kabla, ajue viatu gani alete na afanyie mazoezi wapi. Mwenyeji pia anampa mgeni muda wa mazoezi kwenye uwanja uleule siku ya kuamkia pambano, saa zilezile anazopata yeye. Wenyeji wanaojaribu kukwepa hili kwa kisingizio cha ufunguo wa geti wanyang'anywe uenyeji msimu ujao.

Gharama zigawanywe hivi: mgeni anajilipia usafiri, mwenyeji analipa malazi, chakula, maji, mipira na waamuzi. Kati ya Mtwara na Lindi ni zaidi kidogo ya kilometa 100 kupitia Mingoyo, kwa hiyo gari dogo la abiria linatosha. Wageni wafike Ijumaa mchana.

Uwanja: vipimo visivyojadiliwa

Urefu ni mita 23.77. Upana ni mita 10.97 kwa wawili wawili na 8.23 kwa mmoja kwa mmoja. Mstari wa servisi uko mita 6.40 kutoka kwenye wavu. Nyuma ya mstari wa mwisho ziwepo mita 5.5 za kukimbilia, na pembeni mita 3. Pungufu ya hapo mtu atagonga ukuta.

Kosa la kawaida kwa viwanja vinavyochorwa upya ni pembe kutokuwa mraba. Usiamini macho. Vuta tepu kutoka kona hadi kona ya uwanja mzima wa wawili wawili: ulalo uwe mita 26.18. Upime na ulalo wa pili. Zikitofautiana kwa zaidi ya sentimita mbili, uwanja umepinda na mistari ya servisi itakuwa imepinda nao.

Wavu uwe sentimita 91.4 katikati na 107 kwenye nguzo. Kata kijiti cha sentimita 91.4, ukikabidhi kwa mwamuzi, apime kabla ya kila mechi na baada ya kila seti. Kwa mechi za mmoja kwa mmoja kwenye wavu wa wawili wawili, simamisha vijiti viwili vya sentimita 107, kila kimoja sentimita 91.4 nje ya mstari wa pembeni. Bila vijiti hivyo wavu unakuwa chini kuliko inavyotakiwa pale pembeni, na mpira wa kupitisha kando ya mstari unakuwa rahisi kuliko haki yake. Viwanja vingi havina vijiti kabisa. Fundi seremala atakutengenezea asubuhi moja.

Chumvi ya bahari hula waya wa wavu kutoka ndani, ukiwa bado umefunikwa plastiki. Ukunje mahali palipovimba au penye madoa ya kutu. Ukisikia unakatikakatika, badilisha kabla ya Ijumaa, kwa sababu utakatika pale tu utakapoukaza kwa ajili ya mechi.

Sakafu ya saruji ifagiliwe kwa fagio la chelewa kabla ya kila mechi. Mchanga mwembamba unaopeperushwa na kusi ndio unaoangusha watu, kuliko maji. Uwanja wa udongo unyweshewe jioni ya kuamkia pambano na kushindiliwa asubuhi ukiwa na unyevu kidogo: ukiwa mkavu hautashika, ukiwa tope utang'ang'ania rola. Mistari ichorwe kwa chokaa iliyozimwa tu, yaani iliyokwisha kuchanganywa na maji. Chokaa hai ikimrukia mchezaji machoni ni safari ya hospitali.

Kusi kwa miezi hii hutoka kusini mashariki na huvuma kwa nguvu zaidi alasiri. Funga neti za kivuli nyuma ya mistari ya mwisho, kimo cha mita mbili hivi. Usifunge turubai lisilopitisha upepo: linageuka tanga la jahazi na kung'oa nguzo za uzio.

Mipira

Kopo moja lina mipira mitatu. Kila mechi ifunguliwe kopo jipya. Kwa pambano la mechi tano nunua makopo nane: matano ya mechi, mawili ya mazoezi ya pande zote mbili, moja la akiba. Kama seti ya tatu mnaicheza kamili, ongeza makopo matano, ili kila seti ya tatu ianze na mipira mipya.

Mpira ukiangushwa kutoka sentimita 254 juu ya saruji unapaswa kudunda kati ya sentimita 135 na 147. Jaribu mmoja kutoka kila katoni. Mipira iliyokaa dukani kwa muda mrefu, au kopo lililoachwa ndani ya gari juani, mara nyingi haifiki. Na usifungue makopo siku moja kabla "ili kuokoa muda": mpira hupoteza presha tangu kopo linapofunguliwa, na manyoya yake hunyonya unyevu wa usiku wa pwani, ukawa mzito.

Orodha ya wachezaji na droo

Hapa ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa. Kwenye Kombe la Davis, nani namba moja na nani namba mbili huamuliwa na viwango vya dunia. Miji yetu haina viwango hivyo, kwa hiyo, hasa kwenye mfumo wa mechi tatu, nahodha mjanja humweka dhaifu kuwa namba moja, akutane na namba moja wa wapinzani na kufa peke yake, huku mchezaji wake bora akimkamata namba mbili. Zuia hivi: kila mji uwasilishe orodha ya wachezaji watano kwa mpangilio wa ubora siku kumi kabla ya pambano la kwanza, na mpangilio huo usibadilike msimu mzima isipokuwa kwa kamati. Wawili watakaochezeshwa, aliye juu kwenye orodha ndiye namba moja. Hakuna mjadala.

Droo, yaani bahati nasibu ya nani aanze, ifanyike Ijumaa jioni, manahodha wote wawili wakiwepo. Andika majina ya namba moja wawili kwenye karatasi mbili, zikunjwe, ivutwe moja. Aliyevutwa anacheza mechi ya kwanza Jumamosi dhidi ya namba mbili wa upande wa pili. Namba moja mwingine anacheza mechi ya pili. Jumapili, baada ya wawili wawili, namba moja wanakutana wao kwa wao katika mechi ya nne, na namba mbili katika ya tano. Nahodha anaruhusiwa kubadilisha jozi ya wawili wawili hadi saa moja kabla ya mechi kuanza.

Ratiba ya saa

Jua la Juni huzama muda mfupi baada ya saa 12 jioni na giza halichelewi. Mechi ya seti tatu huchukua dakika 90 hadi saa mbili na zaidi. Kwa hiyo jioni inabeba mechi moja tu, baada ya swala ya alasiri.

Jumamosi: mechi ya kwanza saa 1 asubuhi, ya pili saa 10 jioni.
Jumapili: wawili wawili saa 1 asubuhi, mechi ya nne saa 3 na nusu, ya tano saa 10 jioni.

Nahodha mwenye wachezaji wanaokwenda ibada ya Jumapili aseme siku ya droo. Ni rahisi kusogeza mechi kuliko kumtafuta mtu kanisani. Aliyecheza wawili wawili apewe angalau dakika 30 kabla ya mechi ya nne.

Seti ya tatu, kama taa hazipo, ichezwe kama taibreki ya pointi 10, yaani mchezo mfupi wa kuamua ambao wa kwanza kufika pointi 10 kwa tofauti ya pointi mbili ameshinda. Kwenye taibreki anayeanza hupiga servisi moja, kisha kila mmoja mbili mbili, na upande hubadilishwa kila pointi sita. Pambano likiisha mapema, mechi isiyo na maana tena ichezwe vilevile kwa taibreki, au ipewe mchezaji wa akiba aonje mechi.

Waamuzi, kiti cha nahodha, maji

Msimamizi mkuu atoke mji wa tatu. Mwamuzi wa kiti mmoja na waamuzi wa mistari wawili wanatosha, wakihamia upande wa anayepokea servisi. Sekunde 25 kati ya pointi, 90 wakati wa kubadilishana upande, 120 baada ya seti. Baada ya gemu ya kwanza ya kila seti hakuna kukaa, wanavuka tu. Adhabu za utovu wa nidhamu zinafuatana: onyo, kupoteza pointi, kupoteza gemu.

Nahodha hukaa ndani ya uwanja karibu na mchezaji wake, jambo linaloupa mchezo huu ladha yake, lakini azungumze wakati wa kubadilishana upande tu. Mwamuzi asiyelisimamia hilo tangu gemu ya kwanza hataliweza gemu ya ishirini.

Weka maji ya kunywa nusu lita hadi lita moja kwa mchezaji kwa kila saa ya mchezo, na chumvi kidogo au madafu. Barafu ya mapande inayouzwa kwa wavuvi ni ya kupoza taulo tu, isiingie kwenye kikombe.

Mkikusanyika mahali pamoja

Mfumo wa mechi tatu kwa timu nne unahitaji viwanja viwili na siku tatu, Ijumaa hadi Jumapili. Pambano moja huchukua saa nne na nusu hivi, na kila siku kuna mapambano mawili. Kwa uwanja mmoja ni saa tisa, na saa tisa za mwanga usio wa kuunguza hakuna. Mwenye uwanja mmoja apunguze mechi ziwe seti moja ya gemu nane.

Timu zikilingana kwa ushindi wa mapambano, tazama nani alimshinda mwenzake. Zikilingana tatu, hesabu mechi ambazo kila timu imeshinda, kisha seti, kisha gemu. Karatasi za matokeo zisainiwe na manahodha wote wawili palepale uwanjani, kabla ya gari la wageni kuwashwa.