Kujipatia Riziki kwa Kazi ya Nguva wa Kiume

Nguva wa kiume ni msanii anayevaa mkia wa samaki na kuigiza majini. Anza na pumzi, mkia utafuata. Jifunze kupiga mbizi bila mtungi wa hewa kwa mwalimu mwenye cheti, na usizame peke yako hata siku moja. Usiheme harakaharaka kabla ya kuzama: unapunguza hewa ya ukaa mwilini, ile inayokushtua uvute pumzi, na unaweza kuzimia bila dalili yoyote. Hili sina mzaha nalo.

Mkia wa kitambaa wenye pezi moja unatosha kuanzia. Wa silikoni unapendeza zaidi, ila mingi huzidi kilo 15. Mimi huuvaa nimekaa ukingoni, miguu imelowa kilainisho cha maji, nikiuvuta kwa viganja. Kucha huuchana. Ukishauvaa hutembei, kwa hiyo mtafute mapema wa kukubeba.

Chini ya maji fumbua macho bila miwani na ulegeze uso; watazamaji huona haraka mtu anayejikaza. Huko Weeki Wachee, chemchemi yenye maonyesho ya nguva huko Florida, Marekani, tangu 1947 wasanii huvuta hewa kwa mipira ya kupitishia hewa na kuendelea kuigiza huku wakitabasamu. Watazame sana.

Kazi zinapatikana kwenye sherehe za watoto, matangi ya samaki ya maonyesho, hoteli, matangazo, na kufundisha kuogelea kwa mkia. Wengi huomba nguva wa kike, kwa hiyo jitengenezee mhusika mwenye jina na hadithi zake. Kata bima. Kwenye mkataba andika malipo ya awali, joto la maji, muda wa kupumzika, na mzamiaji wa usalama asiye na jukumu lingine.