Kabla hujapanda dalia: angalia shingo na jicho, sio ukubwa wa kiazi

Mvua ya mwezi wa tisa ikikaribia hapa Bukavu watu wengi wanaanza kuulizia viazi vya dalia, juu ile maua inapendeza mu nyumba, inapendeza ku ndoa, na ukizidi kukata nayo inazidi kutoa. Ni vizuri sana. Lakini wandugu, kabla hujashika jembe weka kwanza kile kiazi mu mkono ukitazame, sababu dalia nyingi zinakufa si juu ya udongo wala mvua, kiazi chenyewe kilikuwa kimeshaisha siku ile ulikinunua.

Sisi tumezoea viazi ulaya, vile viko na macho kila upande, unakata vipande na kila kipande kinaota. Dalia haiko vile. Jicho lake liko mahali pamoja tu, pale juu kabisa ambapo kiazi kinaungana na shina la zamani. Kutoka pale kushuka kuna shingo nyembamba, kisha njo tumbo lenye chakula. Tumbo peke yake haliwezi kutoa mche hata lingekuwa nene namna gani, litakaa mu udongo mpaka lioze. Kwa hiyo mbele ya kulipa sema kwa heshima, "Mama, nisaidie nione shingo yake," kisha ushike tumbo na utikise kidogo sana. Shingo ikilegea, ao ukikuta imevunjika inashikiliwa na ngozi tu, kiache, hata kama anakupunguzia bei. Kiazi kidogo kama kidole gumba, chenye shingo nzima na jicho, kinashinda kile kikubwa kisicho na jicho.

Jicho lenyewe ni kanundu kadogo, saa ingine ka kijani, saa ingine kanaelekea rangi ya pinki, na kama kiazi bado kimelala hutakaona, hapo usikimbilie kusema ni kibovu. Kipange mu kartoni na mchanga wenye unyevu kidogo tu, uweke mahali pa joto ndani ya nyumba, wiki mbili tatu hivi macho yanavimba yanaonekana.

Sasa kiminye mu vidole. Kimekunjamana ngozi lakini bado kigumu? Hakina neno. Kikiwa laini, kinatoa maji na kinanuka, tupa. Ukungu mweupe wa juu juu unapanguswa na kitambaa kikavu. Kile naogopa zaidi ni manundu makwarukwaru yaliyorundikana karibu na shina, ule ni ugonjwa wa bakteria unaobaki mu udongo, kiazi kile hakipandwi na hakitupwi mu mbolea, na kisu kilichokigusa kisafishe na jave, ile dawa ya kung'arisha nguo, mbele ya kukata kingine. Na muulize muuzaji kama mmea mama ulikuwa na majani yenye mistari ya manjano, juu virusi vinapita mpaka ku viazi na dawa yake haipo.

Tena usiviweke mu sashe ya plastiki iliyofungwa! Vinatoka jasho, vinaoza. Gazeti ao maranda makavu ya fundi mbao yanatosha.

Dalia asili yake ni milima ya Mexico, kule mvua inanyesha halafu inakata miezi mingi, na kiazi njo akiba ya mmea ya kuvuka ukavu. Ukijua ile utaelewa sababu gani kinachukia maji kikiwa bado hakina mizizi. Huku kwetu udongo mwingi ni wa mfinyanzi unaoshika maji, basi inua tuta, changanya mbolea ya ng'ombe iliyooza kabisa, chagua mahali panapopata jua kwa masaa sita hivi kila siku. Shimo sentimita 10 mpaka 15, kiazi kilale ubavu jicho likiangalia juu, funika, na usimwagilie mpaka mche utoke, unyevu wa udongo unamtosha. Mvua ikiwa kali mno anzia mu chungu chenye matundu, ku barza. Ile fito ya kushikilia mmea ichomeke siku ile ile ya kupanda, ukingoja mwezi utatoboa kiazi bila kukiona.

Na muulize muuzaji urefu pia, sababu kuna dalia za sentimita 30 na kuna zinazopita mita moja na nusu, hizo ndefu ukizibananisha chini ya sentimita 60 majani yanashika ukungu. Kiazi kinazaa ua lile lile la mama yake, mbegu haitoi vile, kwa hiyo jina na rangi andika na kalamu ya risasi ku kijiti na ukichomeke pale pale, wino wa biki mvua itaufuta.