Nakupenda na Changuu kwa siku moja: angalia maji kwanza, boti baadaye

Mie kazi yangu kupanga safari za vikundi, washkaji wa ofisini, harusi, watu wa Dar wanaokuja na boti ya saa moja asubuhi na kurudi jioni. Kosa naloliona kila wikiendi ni moja tu, watu wanapatana bei ya boti kabla hawajajua maji yanajaa saa ngapi.

Nakupenda sio kisiwa jamani, ni fungu la mchanga karibu na Unguja mjini, Zanzibar, maji yakijaa linazama. Changuu ndio kisiwa, kile chenye jela ya zamani na kobe wakubwa. Mara yangu ya kwanza kupeleka watu ilikuwa siku ya bamvua, yaani maji yanajaa sana na kupwa sana, na tukafika saa nane mchana, nikashangaa fungu limebaki kama uwanja mdogo wa mpira, tukatandika mikeka, baada ya nusu saa tukaihamisha, tukaihamisha tena, sufuria la pilau likahamishwa mara tatu na mwisho tumelila tumesimama maji magotini. Maji yakijaa hupwa, sawa, ila wewe ushalowa.

HATUA YA 1: hesabu mwezi. Sio lazima uwe na programu ya simu (ukiwa nayo vizuri). Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, yaani kama tarehe 1 na 15 za mwezi mwandamo na siku mbili tatu baada yake, ni bamvua, na kwa Unguja mjini maji yanakuwa yamepwa kabisa kama saa nne au saa tano asubuhi halafu yanajaa kama saa kumi au kumi na moja jioni. Siku hizo anza Nakupenda asubuhi, Changuu mchana. Mwezi ukiwa nusu, tarehe 7, 8 au 22, 23 hivi, ni maji mafu, yaani hayajai sana wala hayapwi sana, mambo yanageuka, maji yanapwa jioni, kwahiyo Changuu kwanza kisha fungu. Siku za katikati ongeza kama dakika 50 kila siku.

HATUA YA 2: upepo. Kusi, upepo wa kutoka kusini, likivuma, Juni Julai hivi, asubuhi bahari inaweza kuwa shwari lakini mchana inachafuka na kurudi mjini mnalowa wote. Masika usijitese. Mie napenda tangambili, kipindi cha kati ya kusi na kaskazi, upepo umetulia na maji ni meupe unaona mpaka chini.

HATUA YA 3: boti. Pale ufukweni Forodhani na Shangani papasi, wale madalali wa watalii, watakuzonga, wasikilize kwa adabu ila omba kuongea na nahodha mwenyewe. Boti inakodiwa nzima, sio kwa kichwa, so mkiwa kumi mnagawana. Patana kila kitu kabla ya kupanda: sehemu zote mbili, masaa ya kusubiri, miwani ya kuzamia, samaki wa kuchoma na matunda kama mnataka. Kiingilio cha Changuu ni cha kwenu, kiko nje ya bei ya boti. Lipa nusu, nusu mkirudi.

Halafu kagua, usione haya. Laifu jaketi zihesabu kwa vidole na uone kama kamba zinafunga, za watoto ziwe za watoto. Angalia kuna upo wa kufutia maji, mafuta ya akiba na turubai la kivuli. Nahodha akikasirika kwa kukaguliwa tafuta mwingine, boti ziko nyingi.

HATUA YA 4: mzigo. Maji ya kunywa mengi kuliko unavyodhani maana kwenye fungu hakuna mti hata mmoja, mwavuli, kofia, kanga mbili. Simu weka kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko. Anayelewa bahari asile chapati tatu asubuhi, atafune tangawizi na akae nyuma karibu na nahodha.

HATUA YA 5: Changuu. Kutoka mjini ni kama nusu saa. Jela ilijengwa miaka ya 1890 na haikufunga mfungwa hata mmoja, ikaja kuwa karantini ya abiria wa meli. Wale kobe wakubwa asili yao Seychelles, wa mwanzo waliletwa 1919 kama zawadi, umri umeandikwa kwenye magamba kwa rangi. Walishe majani, usiwakalie, hata mtoto asikalishwe kwa ajili ya picha. Kwenye matumbawe ogelea, usisimame, na kiti cha pweza usikitoe majini.

HATUA YA 6: kurudi. Kama ni msimu wa kusi saa tisa muwe mmeshapanda, hata kama kuna mtu bado anapiga picha. Ukifika mjini jifunge kanga kabla hujashuka, mji wa watu ule. Malizia pesa ya nahodha, na chukua namba yake, sio ya papasi. Safari ijayo utampigia mwenyewe na utaona cha kwanza atakachokuuliza sio mko wangapi, ni hiyo siku itakuwa tarehe ngapi ya mwezi mwandamo.