Shoka la zamani usilipeleke kwenye grenda

Wadau mnaopenda kwenda kulala porini, kabla hujatoa hela ya shoka jipya dukani pita kwanza kwa wauza chuma chakavu. Mi nipo Moshi, huwa nazunguka Kiboriloni na Mbuyuni, nikiwa Arusha napita Kilombero na Unga Limited, na mara nyingi sikosi kichwa cha shoka kimelala kwenye rundo la springi na nondo kinasubiri kwenda kuyeyushwa. La mwisho nilipewa kwa elfu nne, kutu mpaka ndani ya tundu la mpini, muuzaji mwenyewe ananishangaa. Saa hizi linakata tawi la mgrevilea la unene wa mkono kwa mapigo matatu manne.

Ukilishika usilipe haraka. Angalia pembeni ya tundu kama kuna ufa, alafu lining'inize kwa kamba uligonge na kitu cha chuma, zima linalia kama kengele, lenye ufa linatoa sauti imekufa. Nyuma pakiwa pamechanua kama uyoga ujue lilitumika kama nyundo, hiyo unaweza kupiga tupa ikakaa sawa, ila kama tundu lenyewe limetanuka achana nalo. Muhuri wa kiwanda ukiwa haueleweki pitisha brashi taratibu, paka chaki alafu futa juu juu, chaki inabaki kwenye herufi na zinasomeka. Mi nakusanya zaidi mashoka ya Uingereza, chapa za Elwell na Brades, na ndoto yangu ni Hults Bruk ya Uswidi, kiwanda kilichoanza 1697. Kwenye ya Kiingereza ukiona namba kama 4 au 4½ huo ni uzito kwa ratili, na ratili 4 ni kama kilo 1.8, hilo ni la kupasulia kuni nyumbani. La kubeba kwenye begi tafuta kishoka ambacho kichwa chake kina gramu 600 mpaka 900 hivi.

Sasa hapa ndo watu wengi wanaharibu. Shoka langu la kwanza nilimpa fundi mmoja anipigie grenda, dakika tano tu likarudi linang'aa kama kioo, nikafurahi kweli, kumbe kwenye makali kulikuwa na rangi ya bluu kama ya mafuta juu ya maji. Ile bluu maana yake chuma kilifika kama nyuzi 300, ugumu wake umeshaondoka, ukinoa asubuhi mchana makali yamejikunja. Kutu unaitoa ukiwa na subira lakini ugumu ukishaondoka ni mpaka umpelekee muhunzi akichome na kukipoza upya, kama wale wa Mamba kule juu karibu na Marangu, na sio kila muhunzi anaujua huo mchezo. Kwa hiyo grenda hapana, na mpini uliovunjikia ndani usiuchome jikoni kama wazee wengi wanavyofanya, ni moto ule ule. Ukate usawa wa chuma, toboa mashimo kwa drili, alafu usukume kutokea chini kwenda juu kwa sababu tundu kwa juu ni pana kidogo.

Kutu mi natumia siki nyeupe ya dukani. Weka kichwa kwenye beseni ya plastiki, siki ikifunike chote, acha siku moja, usipitilize maana siki ikimaliza kutu inaanza kula chuma. Kitoe, sugua na brashi ya waya, suuza na maji yenye magadi ili ukali wa siki ufe, kausha hapo hapo na upake mafuta, ukichelewa hata nusu saa kinaanza kuwa cha machungwa tena. Na hapa kuna kitu mi nakipenda mno, mashoka mengi ya zamani mwili ni chuma laini na makali ni chuma kigumu kilichounganishwa motoni, siki inakifanya kile kigumu kiwe cheusi zaidi, unaona kabisa mstari wa mhunzi aliyeyaunga. Usiufute na msasa jamani.

Kunoa ni tupa, unasukuma kwenda mbele tu usirudishe ikiwa imegusa, pande zote mbili sawa mpaka pembe ya makali iwe nyuzi 25 mpaka 30 kwa jumla, alafu malizia na jiwe na maji.

Mpini chonga mwenyewe. Mpera uliokauka miezi kadhaa kivulini ni mzuri sana, mgumu na haupasuki ovyo, ila hakikisha nyuzi za mti zimenyooka toka juu mpaka chini. Mti mbichi utasinyaa kichwa kikuruke, na hicho kinaweza kumtoa mtu jicho. Pasua mfereji wa kabari kwenye ncha ya juu ya mpini, kama theluthi mbili ya kina cha tundu, ingiza kichwa, alafu ushike mpini hewani kichwa kikiwa kinaangalia chini ugonge kitako cha mpini na nyundo ya mti, utaona kichwa kinapanda chenyewe kama kinavutwa, watu hawaamini mpaka waone. Acha mpini utokeze milimita 5 juu, gonga kabari ya mti mkavu mpaka ikatae.

Likilegea baadae usiloweke kwenye ndoo ya maji usiku, najua kwetu wote ndo tulifundishwa hivyo, mti unavimba unajibana kwenye chuma, ukikauka unakuwa mdogo kuliko mwanzo na linalegea zaidi. Loweka upande wa kichwa kwenye mafuta ya linsidi yanayouzwa maduka ya rangi, au gonga kabari tena. Kitambaa chenye hayo mafuta kitandaze nje kikauke, ukikikunja na kukitupia kona kinaweza kuwaka chenyewe.

Ala ya kufunika makali mi nashona kwa tyubu ya gari. Na kama safari ni ya mlima Kilimanjaro liache nyumbani, kule kuwasha kuni hairuhusiwi.