Kabla hujatoa hela yako Kariakoo: jinsi ya kukagua simu ya mtumba

Kila mwisho wa mwezi lazima nipigiwe na mtu, mara binamu yangu wa Mbagala, mara dada wa ofisini, "kaka nina laki nne na nusu hapa, ninunue simu gani?" Siku hizi sitaji jina la simu hata moja, namuuliza kwanza, hiyo simu unataka ukae nayo mpaka lini? Maana kwenye simu ya mtumba kinachouzwa hasa ni miaka iliyobaki. Jina, kamera tatu, rangi ya dhahabu, hayo tutayaongea baadaye. Nimeyajua haya kwa kupoteza hela yangu na kumuumiza mama yangu, ndo maana naandika kirefu hivi, nisomeni kabla hamjashuka Msimbazi, pale Kariakoo, Dar.

Mama nilimnunulia iPhone 6 ya mtumba, safi kabisa, kioo hakina hata mkwaruzo. Mei 2025 akanipigia kwa namba ya jirani, "mwanangu simu imekufa." Nikatoka kazini mpaka kwake, nafika nakuta simu inawaka vizuri tu, chaji asilimia 70, kilichokufa ni WhatsApp. Kuanzia tarehe 5 Mei 2025 WhatsApp inataka iOS, ule mfumo unaoendesha iPhone, toleo la 15.1 kwenda mbele, na iPhone 5s, 6 na 6 Plus ziliishia iOS 12. Kwa upande wa Android walishazitoa zile zenye Android 4.4 tarehe 1 Januari mwaka huohuo. Sasa kwa mama yangu WhatsApp ndo simu yenyewe, kikoba kiko humo, picha za wajukuu humo, voice note za shangazi wa Tanga humo, na nilivyomwona ameshika ile simu na kitambaa chake cha kuifutia iliniuma sana, kwa sababu siku nainunua niliangalia kioo na bei, sikuuliza imebakiza miaka mingapi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza inafanyika nyumbani, kabla ya nauli. Chukua jina kamili la simu unayoitaka, tafuta ilitoka mwaka gani na kampuni iliahidi apdeti za miaka mingapi. Tuanze na iPhone maana ndo zinazosumbua vichwa vya vijana. iPhone 8 na X ziliishia iOS 16. XR na XS ziliachwa iOS 26 ilipotoka Septemba 2025, iPhone 11 ikabaki ndani. XR itaendelea kufanya kazi, sisemi ni takataka, ila ukiinunua leo jua umepanda gari lililoshaanza kukaribia kituo cha mwisho, na bei uiongee hivyohivyo.

Samsung wanasema wazi, na hapa ndo watu wengi wanajinyima. Galaxy S24 ya Januari 2024 waliiahidi miaka 7 ya apdeti, Google nao Pixel 8 ya Oktoba 2023 miaka 7. Lakini kuna Galaxy A16, simu ya kawaida kabisa ya mwisho wa 2024, nayo imeahidiwa miaka 6, yaani mpaka kwenye 2030 huko. Halafu unakuta mtu anaiacha anachukua S10 ya 2019 kwa sababu ni "S", wakati S10 apdeti zake zilikwisha 2023. Mi naelewa, ile S ukiishika mkononi ina raha yake na kamera yake bado nzuri, lakini kama hela yenyewe umeikusanya miezi sita, chukua yenye miaka mbele. Ukishaishika simu ya Android dukani nenda Setingi, kule chini kabisa kwenye maelezo ya simu, angalia toleo la Android na tarehe ya apdeti ya usalama. Tarehe ikiwa ya miaka miwili nyuma na simu ikiunganishwa intaneti inasema haina apdeti mpya, umeshapata jibu lako.

Haya, umefika Kariakoo. Ukishuka tu winga atakuwahi, "boss wangu, simu gani, njoo nikupeleke kwa bei ya jumla." Winga ni mtu anayetafuta riziki na wapo wengi waaminifu, simsemi vibaya, ila elewa kwamba duka si lake na simu si yake, kile anachopata kinaongezwa kwenye bei yako, na kesho ukirudi na tatizo utamtafuta mtaa mzima. Mwambie asante kaka, ingia mwenyewe kwenye duka lenye fremu, lenye mtu anayefungua palepale kila siku. Nenda asubuhi ya saa nne hivi, siyo jioni, jioni kuna giza, kuna haraka na kuna msongamano wa kurudi nyumbani, na kukagua simu kunataka utulivu na mwanga. Beba na laini yako, simu nyingine yenye bando la kuwasha hotspoti, chaja na earphone. Muuzaji akinuna kwa sababu unakagua, nenda duka la pili, yapo mengi.

Piga *#06#. Zitatokea namba za IMEI, yaani namba za utambulisho wa simu hiyo, zilinganishe na zilizoko kwenye boksi na zile za ndani ya Setingi, zote ziwe sawa. Halafu itume ile namba kwa meseji kwenda 15090, ni huduma ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, utajibiwa ni simu ya aina gani. Ukiambiwa Nokia na wewe umeshika Samsung, rudisha taratibu uondoke. Wale wa siku nyingi mnakumbuka Juni 2016 simu feki zilivyozimwa nchi nzima, watu walikwenda kulala na simu wakaamka na tochi. Usione hii kama urasimu.

Sasa sehemu ambayo naomba msiiruke. Mwaka 2022 nilinunua Android moja nzuri tu, wiki ya pili ikajifunga yenyewe, maandishi yamejaa kioo kizima kwamba deni halijalipwa. Ilikuwa simu ya mkopo, zile za kulipa kidogo kidogo kila siku, mwenyewe aliacha kulipa akaiuza, ikapita mikono sijui mingapi mpaka kwangu. Aliyeniuzia namba yake haikupatikana tena. Laki tatu na themanini zikaondoka hivihivi, na bado nikiiona kwenye droo roho inaniuma.

Kwa hiyo, dukani, mbele ya macho yako, simu ifutwe yote. Kwanza muuzaji aondoe akaunti zote, kama ni iPhone atoke iCloud na azime Find My, kama ni Android atoe akaunti ya Google na akaunti ya kampuni ya simu kama ipo. Halafu ifanyiwe reset, iwake upya kama mpya, na wewe uiunganishe na hotspoti yako. Hapa ndo ukweli unatoka. Ikidai imeli na paswedi ya mtu mwingine, hiyo simu ina mwenyewe, iwe imeibiwa au imesahauliwa wewe haikuhusu, iache. Ikileta maandishi kwamba inasimamiwa na kampuni au taasisi fulani, iache pia. Kuna atakayekwambia "hiyo fundi anaitoa elfu kumi tu," usikubali, kufuli la namna hiyo linaweza kurudi siku ya apdeti na wewe ukiwa Kibaha. Reset na kuunganisha vinachukua kama nusu saa, kaa kwenye benchi subiri.

Ikishapita hapo, kioo. Jumamosi moja nilimsindikiza mdogo wangu, dogo alikuwa na hela ya bodaboda aliyoiweka tangu Ramadhani, akapenda Galaxy moja yenye kioo cha AMOLED, imepigwa polishi inang'aa. Nikamwambia ngoja. Nikafungua picha nyeupe tupu, nikapandisha mwanga mpaka mwisho, nikageuka kwenye kivuli cha ukuta. Mwanzoni huoni kitu. Ukiendelea kuangalia, chini kabisa ikaanza kuonekana kama moshi, vijisanduku vimepangana, Q, W, E, R, T, mpaka P. Kibodi ya mwenyewe wa zamani, imebaki imechapwa kwenye kioo kama alama ya pasi kwenye shati. Juu nako mstari wa saa na betri. Muuzaji akasema ni vumbi, akafuta kwa tisheti yake, akafuta tena, herufi zikabaki palepale. Dogo alinyamaza muda mrefu, alikuwa ameshaipenda. Vioo vya namna hiyo vikiungua havirudi, dawa yake ni kubadilisha kioo kizima, na kioo orijino cha hizo simu ni ghali. Baada ya nyeupe weka nyekundu, kijani, bluu. Kwa Samsung nyingi ukipiga *#0*# inakuja menyu ya kujaribia rangi, spika, mtetemo na kamera, bure kabisa.

Betri. Kwenye matangazo ya mtaani wanaandika "BH 100%", yaani afya ya betri, kwa herufi kubwa kama ndo sifa kuu. Apple wenyewe wanasema betri za iPhone 14 kurudi nyuma zimetengenezwa zibaki na asilimia 80 baada ya mizunguko 500 ya chaji, na kuanzia iPhone 15 ni mizunguko 1000. Sasa XR ya 2018 iwe na BH 100 leo maana yake betri imebadilishwa, na kubadilishwa si kosa, swali ni imewekwa betri gani. Nenda Setingi, General, About, pale kuna sehemu ya historia ya vipuri, kama betri haitambuliki itakwambia, na kwa iPhone 11 kwenda mbele hata kioo kitajieleza. Mi binafsi napendelea BH 84 ya ukweli kuliko 100 ya kupikwa. Kwa Android iweke chaji dakika kumi huku unarekodi video, ikichemka kama pasi au asilimia ikishuka huku imechomekwa, hapana.

Turudi kwenye iPhone, hapohapo kwenye About angalia namba ya modeli, herufi ya kwanza ikiwa M simu iliuzwa ikiwa mpya, F ilikarabatiwa na kampuni yenyewe, N ilitolewa kama mbadala wa iliyoharibika. Zinazoishia LL/A ni za Marekani, na hili ni muhimu kwa sababu iPhone 14 kwenda juu za Marekani hazina tundu la laini kabisa, zinatumia eSIM tu, laini ya ndani ya simu isiyo na kadi ya kuchomeka, na iPhone 17 za Dubai nazo ni hivyo hivyo. Siyo mbaya, unaenda duka la mtandao wako na kitambulisho chako cha NIDA wanakuwekea, ila kama una mazoea ya kuchomoa laini kuhamishia kwenye kitochi umeme ukikatika, hiyo sahau. Za Japani, zile J/A, kamera inaweza kulia ukipiga picha hata ukizima sauti, kwa mtu anayepiga picha kanisani au kwenye arusi fikiria mara mbili.

Halafu kuna hili la AI, maana sasa hivi kila simu dukani ni ya AI na kila AI imeongezewa elfu themanini. Vitu vya AI vya Apple vinaanzia iPhone 15 Pro, iPhone 15 ya kawaida haina, msidanganywe. Na ChatGPT iliyotoka Novemba 2022 kazi yake inafanyika kwenye mitambo yao huko, simu yako inapeleka swali na kupokea jibu tu, simu ya kawaida yenye intaneti inatosha. Nampenda sana mdogo wangu anavyoitumia kuandikia wateja wake wa mzigo kwa Kiingereza, na anafanya kwenye simu isiyo na jina lolote la AI kwenye boksi. Vivyo hivyo RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya "8+8", ile nane ya pili imekopwa kwenye nafasi ya kuhifadhia, ni polepole zaidi, hesabu nane tu. Hela hiyo ongezea kwenye GB za kuhifadhia, 64 siku hizi zinajazwa na video za magrupu ndani ya miezi, tafuta 128.

Malizia kwa kuweka laini na kumpigia mtu, uongee kweli, umuulize anakusikia, kisha spika, kisha earphone, kisha kamera zote mbele na nyuma. Jaribu tundu la chaji kwa kutikisa waya.

Hela unatoa mwisho, simu ikiwa mkononi mwako, usitume M-Pesa ya "kushikilia mzigo" kwa mtu usiyemwona. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na IMEI iandikwe juu yake, na muda wa kurudisha uandikwe pia, wiki moja au mbili kwa maandishi, maana "haina shida utarudi" ni maneno ya mdomoni. Dogo siku ile tulihangaika mpaka saa tisa, akachukua A16 tuliyoikagua yote haya, tukapanda daladala ameishika kwa mikono miwili. Wiki ya kwanza itumie kwa fujo, video, simu ndefu, hotspoti, ili kama ina ugonjwa uonekane ndani ya muda wa kurudisha. Na ile risiti yenye IMEI ipige picha umtumie mama au mtu mnayekaa naye, kwa sababu simu ikiibiwa hiyo namba utaihitaji unapotoa taarifa polisi, na picha iliyobaki ndani ya simu yenyewe itakuwa imeondoka nayo.