Mafuta Yasiyotulia: Pima Gari Kwanza, Jedwali Baadaye

Kijana mmoja alipandisha Subaru Forester yake ya turbo kutoka Moshi mpaka kwangu Njiro, Arusha. "Shikamoo kaka. Hii gari imepangwa mara tatu na bado. Asubuhi inavuta vizuri, mchana inakosa nguvu, inamisi."

Kompyuta ya injini, yaani kontroboksi, haikuwa ya kiwandani. Ilikuwa ya kufunga, inayokadiria hewa kwa presha ya manifodi, yaani bomba linaloingiza hewa kwenye injini. Nikaunganisha laptopu, tukatoka kuelekea Kisongo, yeye kwenye usukani, mimi kwenye skrini. (Usijaribu kufanya yote mawili peke yako, tafadhali.) Gia ya tatu, mizunguko 3,500, presha kilopaskali 130: lambda 0.84. (Lambda ni kipimo cha hewa dhidi ya mafuta: ikipanda mafuta yamepungua, ikishuka yameongezeka.) Tukarudia: 0.95. Tukarudia tena: 0.86. Kisanduku kilekile cha jedwali, yaani zile namba ambazo fundi hupanga kuiambia kontroboksi kiasi cha mafuta, majibu matatu.

Hapa ndipo fundi anapopotea. Niliwahi kupotea hivyo siku mbili nzima kwenye gari jingine: lambda imepanda, unaongeza mafuta asilimia tano, raundi inayofuata mafuta yamezidi, unapunguza, kesho yake unaanza upya. Lakini namba ya kwenye jedwali haijatikisika. Kama hujaigusa na jibu limebadilika, basi kuna kitu kingine kimebadilika: umeme, presha ya mafuta, joto la hewa, au kipimo chako. Kwa hiyo sigusi kisanduku mpaka kinipe jibu moja mara tatu, tofauti isizidi 0.02.

Anza kwa kuzima sehemu ya kontroboksi inayojirekebisha kwa kufuata sensa ya oksijeni, pamoja na nyongeza ya mafuta ya kukanyaga ghafla. Usipozizima, unapima kazi yao, hupimi jedwali. Kwenye Subaru zenye kontroboksi ya kiwandani kumbuka pia kwamba zile asilimia ilizojifunza polepole zinaendelea kutumika hata unapokanyaga mpaka chini. Zisome kila mara kabla ya kuanza.

Kisha kipime kipimo chenyewe. Ekzosi ikivuja kabla ya sensa, inanyonya hewa ya nje na lambda inaonekana kama mafuta ni pungufu, hasa injini ikiwa silensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa. Vaa glavu nene, ziba mdomo wa ekzosi kwa kitambaa sekunde chache injini ikiwa bado ya baridi, usikilize. Palipo na masizi meusi kwenye gasketi ndipo panapovuja. Jambo jingine linalosahaulika: geji ya dashibodi inasema 0.85, laptopu inasema 0.89. Hiyo ni ethi, yaani upande wa hasi wa umeme. Waya wa ethi wa ishara umefungwa bodini wakati ulitakiwa uende kwenye ethi ya sensa ya kontroboksi, na kila mzigo wa umeme unapobadilika, tofauti nayo inabadilika.

Sasa umeme, na hapa nakuomba utulie, maana ndipo nilipoipata Forester ile. Nilirudi kwenye rekodi nikapanga mstari wa lambda juu ya mstari wa volti. Kila feni ya rejeta ilipowaka, volti ilishuka kidogo na lambda ikapanda. Injekta, ile inayonyunyiza mafuta, ikipata volti ndogo inachelewa kufunguka, na pampu nayo inazunguka polepole. Yote mawili yanapunguza mafuta. Tukapima injini ikiunguruma, taa na feni zikiwa zimewashwa: kwenye betri 13.9, kwenye soketi ya pampu 11.4. Nikaweka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye hasi ya pampu. Ikasoma 1.7. Mahali hapo mimi huanza kuwa na wasiwasi ikizidi 0.3. Bolti ya ethi upande wa nyuma ilikuwa imeliwa na kutu chini ya rangi. Tukaikwangua mpaka chuma king'ae, tukabadilisha na rilei, pampu ikapata 13.4.

Hata umeme ukiwa mzuri, fanya jaribio hili: gari likiwa silensa na limeshapata joto, washa taa, feni na hita ya kioo cha nyuma kwa pamoja. Lambda ikihama na kubaki ilikohamia, jedwali la kuchelewa kwa injekta halilingani na injekta zilizofungwa. Tafuta namba za injekta hizo halisi. Usikisie.

Presha ya mafuta ipime kwa geji ya kweli, si kwa sikio. Subaru nyingi za turbo, ukichomoa mpira wa vakyumu kwenye regulata (kidhibiti cha presha ya mafuta) na kuuziba, zinakaa karibu na bar 3. Ukiurudisha, presha lazima ipande bar moja kwa kila bar moja ya turbo. Turbo ikipanda na geji ya mafuta ikabaki palepale au ikashuka, tafuta kwenye pampu, filta au regulata.

Mipira iliyopasuka na klipu zilizolegea unazijua, sitazirefusha.

Joto la hewa ndilo linaloeleza malalamiko mengi ya mchana. Umekwama kwenye foleni ya Sakina, sensa imeiva na chuma cha injini, inasema nyuzi 60 wakati hewa inayoingia ni 25. Kontroboksi inaamini hewa ni nyepesi, inapunguza mafuta karibu asilimia kumi. Ihamishe sensa mahali pa baridi, au punguza nguvu ya masahihisho hayo hewa inapopita polepole.

Mwisho ni mwinuko, na hili ni letu sisi wa huku. Arusha, kwenye mita kama 1,400, presha ya hewa ni karibu kilopaskali 86. Moshi ni kama 92, Dar ni 101. Gari lisilo na turbo ukilipanga hapa halifiki kamwe visanduku vya 90 na 100, hata ukikanyaga mpaka sakafuni. Likiteremka pwani linaingia kwenye namba ambazo hakuna aliyezipima, na mteja anasema mafuta hayatulii. Mimi hujaza visanduku hivyo kwa kufuata mwelekeo wa vilivyo chini yake, naongeza mafuta kidogo kwa usalama, halafu namwomba mteja arekodi akiwa huko na anitumie.

Yule kijana aliteremka jioni ileile na rekodi ikiwa imewashwa. Baada ya Boma Ng'ombe, gia ya tatu, feni ikizunguka, kisanduku kile cha 130: 0.84, 0.85, 0.84.