SOMO: Taa ya UV-C inavyokula vifaa tiba vyako, na namna ya kuujua uharibifu mapema

Wakuu habari za jioni. Mimi ni fundi wa vifaa tiba hapa Kigoma mjini. Juzi nimeletewa stethoskopu ya tatu mwezi huu, mpira wake ukiukunja unaona vijiufa kama tope lililokauka, na mwenyewe analalamika kauziwa feki. Sio feki kaka, umeichoma mwenyewe kwenye boksi la UV-C (mwanga usioonekana wa kuua vijidudu), kila siku nusu saa, eti iwe safi zaidi.

Nyingi ya hizi taa ni za zebaki, mwanga wake ni nanomita 254. Unaharibu DNA ya kijidudu, ila nguvu hiyohiyo inakata minyororo ya plastiki alafu oksijeni ya hewani inamalizia. Si mnajua ndoo iliyokaa juani Kibirizi kwa waanika dagaa, ukiigusa na mguu tu inapasuka? Na hapo jua halitufikishii UV-C kabisa, inazuiwa huko juu angani. Sasa taa iko sentimita 20 toka kwenye kifaa.

Hatua ya 1: jua kifaa ni cha nini. Stenlesi na kioo havina shida, silikoni inavumilia. Plastiki ya polikaboneti ya ngao za uso na ile ya ABS ya mabodi ya mashine zinageuka njano. Plastiki ya polipropilini inapauka, ukipitisha kidole gumba unatoka na unga mweupe. Mpira wa asili na lastiki za barakoa ndio wa kwanza kufa.

Hatua ya 2: osha, kausha. Mwanga haupenyi damu wala jasho, na penye kivuli haufiki.

Hatua ya 3: piga hesabu ya dozi, hapa ndo wengi tunafeli. Dozi ni ukali wa mwanga mara sekunde. Taa ikitoa miliwati 1 kwa sentimita ya mraba pale kifaa kilipo, dakika moja umepata milijuli 60. Kipindi cha korona kwenye barakoa za N95 ilitajwa sana dozi ya juli 1, yaani milijuli 1000, kwa sentimita ya mraba; kwa taa hiyo ni kama dakika 17. Ukiacha saa nzima kijidudu hakifi mara mbili, plastiki ndo inaendelea kuliwa, na dozi zinajumlishana, haisahau ya jana.

Hatua ya 4, hii naipenda. Chukua kifaa kibovu cha aina ileile, funga nusu kwa foili ya jikoni, kiweke boksini kila mnapochoma vingine. Kila wiki fungua foili ulinganishe pande mbili: rangi, kunata, ukikunja kinalia? Mpaka wa njano utauona umenyooka kama umepigwa rula.

Hatua ya 5: daftari. Andika kila mzunguko, kifaa kikianza kubadilika unajua kilivumilia mara ngapi.

MASWALI

Mdau wa Ujiji: Mkuu, yangu ikiwaka inanuka kama mashine ya fotokopi, ni kawaida?
Jibu: Hiyo ozoni. Kuna taa zinatoa na nanomita 185, inageuza oksijeni kuwa ozoni, nayo inapasua mpira peke yake hata pasipofika mwanga. Fungua madirisha, vitu vya mpira usiweke humo.

Dada wa Kasulu: Nikifunika na kioo cha dirisha ili nione ndani bila kuumia macho?
Jibu: Kwa macho sawa dada, kioo cha kawaida kinazuia UV-C. Ila kisikae kati ya taa na kifaa, utakuwa unachoma kioo. Na usichungulie taa tupu hata kidogo, usiku macho yatawasha kama ya mchomeleaji aliyesahau miwani.

Mdau wa Kibondo: Mikasi ya upasuaji je?
Jibu: Hapana mzee wangu. Chuma hakitaharibika, ila UV sio ya kutakasa kitu kinachoingia mwilini, kwenye maungio ya mkasi mwanga haufiki. Hiyo ni otoklevu, yaani mashine ya mvuke wa moto wenye shinikizo, nyuzi 121 au zaidi.

Mdau wa Ujiji tena: Taa ina miaka minne, bado bluu safi, si nzima hiyo?
Jibu: Bluu unayoiona sio UV-C, UV-C haionekani kwa macho. Inapungua taratibu huku bluu ikibaki vilevile. Angalia masaa yaliyoandikwa na mtengenezaji, yakiisha badili, hata kama inapendeza.